"Sadaka ya Dhambi" kwa Mwanamke Asiye na Kosa: Uhakiki wa Nadharia ya Utakaso na Istilahi za Kiswahili katika Mambo ya Walawi

1.0 Utangulizi

Sura ya 12 ya Mambo ya Walawi inamwagiza mwanamke aliyejifungua apeleke sadaka mbili kwa kuhani siku zake za kutakaswa zinapotimia. Ya kwanza ni mwanakondoo wa mwaka mmoja kwa ajili ya sadaka ya kuteketezwa. Ya pili ni kinda la njiwa au hua kwa ajili ya sadaka ambayo Kiebrania huiita hattat. Asipomudu mwanakondoo, anaruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Tafsiri ya Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ijulikanayo kama Union Version, inaiita sadaka hiyo ya pili "sadaka ya dhambi".

Msomaji makini hawezi kukwepa swali: mwanamke huyu ametenda dhambi gani? Sura nzima haitaji kosa lolote. Haitaji ungamo, haitaji toba, wala haitaji msamaha. Kuzaa kwenyewe ni tendo linalohesabiwa kuwa baraka tangu sura ya kwanza ya Mwanzo. Kwa msomaji Mkristo swali hilo huwa zito zaidi anapofika Luka 2:22–24, ambako Mariamu analetwa mbele yake akitimiza agizo hilihili kwa sadaka ya maskini.

Makala haya yanahakiki jibu lililotolewa na Jacob Milgrom, mtaalamu aliyeathiri usomaji wa Walawi kuliko mwingine yeyote katika nusu ya pili ya karne ya 20, kisha yanapima istilahi za Kiswahili kwa kuzingatia matokeo ya uhakiki huo. Hoja kuu ni kwamba Milgrom alikuwa sahihi kuhusu jina la sadaka, lakini hakuwa sahihi kuhusu kile kinachotakaswa. Maana ya ibada hii haipatikani katika jina lake peke yake. Inapatikana katika maneno yanayofunga kila agizo, ambayo hutofautisha kwa uangalifu mtu anayesamehewa na mtu anayekuwa safi. Tafsiri inayofuta tofauti hiyo humtwisha hatia asiye nayo.

2.0 Chimbuko la istilahi "sadaka ya dhambi"

Wafasiri wa Kiswahili hawakuibuni istilahi hii. Neno hattat katika Kiebrania lina maana mbili zinazoandikwa kwa umbo lilelile: dhambi, na sadaka fulani. Wafasiri wa Septuajinta, yaani tafsiri ya Kigiriki ya kale, walitumia neno la Kigiriki lenye maana ya dhambi hata katika Walawi 12:6. Tafsiri ya Kilatini ikafuata njia hiyo, na tafsiri za Ulaya zikaipokea. Kiswahili kiliipokea kutoka katika mkondo huo.

Historia ya istilahi jirani inaonyesha jinsi urithi wa namna hii unavyofanya kazi. Kifuniko cha sanduku la agano kinaitwa kapporet kwa Kiebrania, nomino inayotokana na mzizi k-p-r, uleule wa kitenzi kipper. Hakuna kiti katika neno hilo. Martin Luther alilifasiri kwa Kijerumani kama kiti cha neema, William Tyndale akatumia neno la Kiingereza lenye maana ya kiti cha rehema katika tafsiri yake ya mwaka 1530, na Union Version ikaandika "kiti cha rehema". Hivyo msomaji wa Kiswahili hukutana na kiti ambacho mwandishi wa Kiebrania hakukitaja. Katika mfano huu madhara ni madogo. Katika "sadaka ya dhambi" madhara si madogo, kwa sababu istilahi hiyo inatoa hukumu juu ya mtu anayeileta.

3.0 Mchango wa Milgrom

Katika makala fupi ya mwaka 1971, Milgrom alidai kwamba hattat inapaswa kuitwa sadaka ya utakaso. Ushahidi wake wa kwanza ulikuwa wa kimofolojia. Jina la sadaka linahusiana na kitenzi cha kauli ya pieli chenye maana ya kuondoa uchafu au kutakasa, si na kitenzi cha kauli ya kawaida chenye maana ya kukosa. Katika Walawi 8:15 Musa anapaka damu kwenye pembe za madhabahu na kitenzi hicho kinatumika. Katika Ezekieli 43:20–23 kinatumika tena kwa madhabahu. Madhabahu haitendi dhambi.

Ushahidi wake wa pili ulitokana na orodha ya watu wanaoileta sadaka hii. Wamo mwanamke aliyejifungua, mtu aliyepona kisonono (Walawi 15:14–15), mwanamke aliyetokwa na damu isiyo ya kawaida (15:29–30), na mnadhiri aliyetimiza nadhiri yake bila dosari (Hesabu 6:13–14). Ni vigumu kuwaita hawa wakosaji. Mnadhiri hasa anaileta sadaka hiyo siku anayostahili sifa.

Kutokana na hayo Milgrom alijenga nadharia pana, aliyoieleza katika makala ya mwaka 1976 na kuikamilisha katika juzuu la ufafanuzi wake wa Walawi 1–16 lililotoka mwaka 1991. Kwa mujibu wake, dhambi na unajisi mzito hupeperuka kama hewa chafu na kushika hekalu. Kosa la mtu mmoja lisilokusudiwa hufika kwenye madhabahu ya nje. Kosa la kuhani mkuu au la jumuiya yote hupenya hadi patakatifu. Uasi wa kukusudia hufika ndani kabisa, patakatifu pa patakatifu, na huondolewa mara moja kwa mwaka katika Siku ya Upatanisho. Damu ya hattat ni dawa ya kusafishia hekalu. Kwa kuwa damu hiyo haipakwi kamwe kwenye mwili wa anayetoa sadaka, Milgrom alihitimisha kwamba sadaka haimtakasi yeye. Mwili wake umekwisha kusafishwa kwa maji na kwa kupita siku, na moyo wake kwa majuto.

Uzuri wa nadharia hii hauna budi kukubaliwa. Inaeleza kwa nini damu hupakwa mahali tofauti kulingana na cheo cha mkosaji katika Walawi 4, na inaeleza onyo la Walawi 15:31 kwamba unajisi wa watu huitia unajisi maskani. Zaidi ya hayo, inafundisha jambo la kimaadili: uovu wa jamii hujikusanya mahali ambapo wengi hawauoni, na mahali hapo pakijaa, Mungu huondoka.

4.0 Pale nadharia inapokwama

Nadharia inakwama katika sarufi. Maneno ya kawaida ya ibada hii husema kwamba kuhani "atafanya kipper juu ya" mtu fulani, kisha hufuata kihusishi min, ambacho maana yake ya msingi ni "kutoka". Katika Walawi 16:16 kuhani hufanya kipper juu ya patakatifu kutoka katika unajisi wa wana wa Israeli. Kila mtaalamu, Milgrom akiwamo, husoma hapo kwamba patakatifu panaondolewa unajisi. Lakini muundo huohuo unatumika kwa mtu. Katika 4:26 kuhani hufanya kipper juu ya mkosaji kutoka katika dhambi yake. Katika 14:19 juu ya mwenye kutakaswa kutoka katika unajisi wake. Katika 15:30 juu ya mwanamke kutoka katika mtiririko wa unajisi wake. Na katika 12:7 mama anakuwa safi kutoka katika chemchemi ya damu yake.

Milgrom alilazimika kukipa kihusishi hicho maana ya "kwa sababu ya" kila kinapomhusu mtu, na maana ya "kutoka" kinapohusu hekalu. Roy Gane, katika kitabu chake cha mwaka 2005, alionyesha kwamba mgawanyo huo hautokani na lugha ya matini bali na mahitaji ya nadharia. Makala haya yanakubaliana na Gane katika hatua hii. Msomaji hawezi kubadilisha maana ya neno moja ndani ya kanuni moja kwa sababu tu maana ya kawaida haimfai.

Kuna ushahidi mwingine unaoelekea upande huohuo. Hesabu 19 inaeleza majivu ya ng'ombe mwekundu, ambaye aya ya 9 humwita hattat. Majivu hayo huchanganywa na maji na kunyunyizwa juu ya mtu aliyegusa maiti, na katika aya ya 19 kitenzi cha kutakasa, kilekile cha Walawi 8:15, kinamchukua mtu kuwa yambwa yake. Katika Hesabu 8:7 Walawi wananyunyiziwa maji yanayoitwa maji ya hattat. Mfasiri hawezi kuandika "maji ya dhambi" bila kumshangaza msomaji. Lakini vilevile mwananadharia hawezi kudai kwamba hattat haigusi watu kamwe. Milgrom aliiona ibada ya ng'ombe mwekundu kuwa masalia ya desturi ya kale zaidi. Hata kama ni hivyo, waandishi wa kikuhani waliihifadhi na kuipa jina hilo bila kuona mgongano.

Kwa hiyo nadharia iliyomwondolea mama mashaka ya dhambi imemwondoa pia katika ibada. Kwa Milgrom, mama analeta kinda la njiwa ili jengo lisafishwe. Kwa matini, analileta na anaondoka akiwa safi.

5.0 Kusamehewa na kuwa safi

Ikiwa jina halitoshi na mahali pa damu hapatoshi, maana ya ibada itafutwe wapi? Makala haya yanapendekeza kwamba itafutwe katika kanuni za kufungia, yaani maneno yanayotamka matokeo ya ibada.

Kanuni hizo ni za aina mbili. Katika Walawi 4:20, 26, 31 na 35, na katika 5:10 na 13, agizo hufungwa kwa kusema kwamba mkosaji atasamehewa. Katika Walawi 12:7–8 na 14:20, agizo hufungwa kwa kusema kwamba mtu atakuwa safi. Sadaka ni ileile, kuhani ni yuleyule, kitenzi kipper ni kilekile. Kinachotofautiana ni tamko la mwisho. Katika sura ya 15 usafi umekwisha kutajwa kabla ya sadaka, katika aya ya 13 na ya 28, na msamaha hautajwi popote.

Uchunguzi wa kanuni hizi unaonyesha uhusiano wa upande mmoja. Lugha ya usafi inaweza kutumika kwa dhambi: Walawi 16:30 inasema kwamba katika Siku ya Upatanisho watu watatakaswa na dhambi zao zote, na inafaa kuona kwamba kitenzi cha kusamehe hakimo kabisa katika sura ya 16. Lakini lugha ya msamaha haitumiki kwa unajisi wa mwili. Dhambi inaweza kusafishwa. Kuzaa hakusamehewi, kwa sababu hakuna cha kusamehe.

Walawi 5:2–3 huonekana kuvunja kanuni hii, kwani humtaja mtu aliyegusa kitu najisi na hatimaye akasamehewa. Hata hivyo aya hizo zinasema kwamba jambo hilo lilifichika kwake, ndipo akawa na hatia. Kosa lake ni kuacha kujitakasa kwa wakati. Mtu aliyegusa mzoga na kungoja jioni kama Walawi 11 inavyoagiza, haleti sadaka yoyote na hasamehewi chochote. Hivyo aya inayoelekea kupinga hoja inaithibitisha: msamaha huingia pale tu wajibu ulipopuuzwa.

Jonathan Klawans, katika kitabu chake cha mwaka 2000, aliita tofauti ya namna hii unajisi wa ibada na unajisi wa maadili. Wa kwanza ni wa kawaida, huambukiza kwa kugusana, na hauepukiki katika maisha ya mwanadamu: watu huzaa, hujamiiana, huugua, huzika wafu wao. Wa pili hutokana na mauaji, zinaa na ibada ya sanamu, hauambukizi kwa kugusana, na hautoki kwa kuoga. Mchango wa makala haya ni kuonyesha kwamba tofauti hiyo haikuletwa na wataalamu kutoka nje. Imo katika kanuni za kufungia zenyewe.

6.0 Istilahi za Kiswahili mbele ya matini

Kiswahili kina utajiri wa pekee katika uwanja huu, kwa sababu maneno yake mengi ya ibada yalitoka katika Kiarabu, lugha iliyo ndugu ya Kiebrania. Neno "kafara" linatokana na mzizi k-p-r uleule wa kipper. "Twahara" na "tohara" zinatokana na mzizi uleule wa kitenzi cha Kiebrania cha kuwa safi kinachotumika katika Walawi 12:8. Msomaji wa Kiswahili yuko karibu na matini hii kuliko anavyodhani.

Muhimu zaidi ni kwamba Kiswahili tayari kina namna ya kusema kwamba mtu hayuko safi kiibada bila kumshtaki. Mtu mwenye janaba, mwanamke aliye katika hedhi au nifasi, wote wanazuiwa kuswali hadi watakapojitwaharisha. Hakuna anayesema kwamba wametenda dhambi kwa kuwa katika hali hizo. Sheria ya Kiislamu na sheria ya Walawi si kitu kimoja, na makala haya hayadai hivyo. Yanadai tu kwamba dhana inayohitajika kuielewa Walawi 12 ipo katika lugha na inaeleweka na wazungumzaji wake. Istilahi "sadaka ya dhambi" inaizima.

Neno "upatanisho" linahitaji tahadhari ya namna nyingine. Linafaa pale watu wawili walipokosana. Lakini Walawi 16:20 inasema kwamba kuhani amemaliza kufanya kipper kwa patakatifu, hema na madhabahu. Madhabahu haikugombana na mtu. Jay Sklar (2005) ameonyesha kwamba kipper hubeba pamoja maana ya kutakasa na maana ya fidia iokoayo uhai. "Upatanisho" huitaja natija ya mwisho ya yote mawili na kuyaficha yenyewe.

Usemi wa kila siku "mbuzi wa kafara" nao umeunganisha mambo mawili ambayo Walawi 16 inayatenganisha. Mbuzi anayechinjwa, ambaye damu yake huingizwa ndani ya pazia, hawekewi dhambi kichwani. Mbuzi anayewekewa dhambi kichwani, wa Azazeli, hachinjwi bali hupelekwa jangwani akiwa hai. Wa kwanza husafisha. Wa pili huchukua na kwenda nazo. Kumwita huyu wa pili kafara ni kumpa kazi ya mwenzake.

Kutokana na hayo, makala haya yanapendekeza kwamba hattat ifasiriwe "sadaka ya utakaso" kila inapotajwa kama sadaka, katika sura ya 4 kama katika sura ya 12. Pendekezo hili halifuti dhambi katika sura ya 4. Dhambi imetajwa hapo waziwazi, na msamaha umetajwa. Linachofanya ni kuiacha kanuni ya kufungia iseme yenyewe: huyu amesamehewa, yule amekuwa safi.

7.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba msikilizaji wa Kiebrania alisikia "dhambi" ndani ya neno hattat, kwa hiyo mfasiri hana haki ya kulinyamazisha. Jibu ni kwamba msikilizaji huyo alisikia pia "kutakasa", na muktadha ndio uliomwelekeza. Kiswahili hakina neno moja lenye sauti zote mbili. Mfasiri analazimika kuchagua, na chaguo linalofaa kila muktadha ni bora kuliko linalofaa baadhi na kupotosha mengine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Hesabu 6:11 inamhusu mnadhiri aliyefiwa ghafla na mtu karibu naye akatiwa unajisi bila kutaka. Matini inatumia kitenzi cha kawaida cha kukosa juu yake. Hapa unajisi na kosa vinakutana katika mtu mmoja asiye na nia mbaya. Aya hii haipaswi kulainishwa. Hata hivyo mnadhiri alikuwa chini ya nadhiri mahususi iliyomkataza kukaribia maiti, na nadhiri hiyo imevunjika. Ndiyo maana anaanza kuhesabu siku zake upya na kuleta pia sadaka ya hatia. Mama wa Walawi 12 hakuvunja chochote. Na hata kwa mnadhiri huyu, kanuni ya msamaha haikutamkwa.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba Milgrom aliirejeshea hattat jina lake, lakini kwa kuielekeza damu yote hekaluni alimwacha mleta sadaka pembeni. Sarufi ya kipper inamrudisha katikati. Kanuni za kufungia zinaonyesha kwamba anarudi kwa njia mbili tofauti, ya msamaha au ya usafi, na kwamba waandishi wa kikuhani hawakuzichanganya.

Athari ya kuzichanganya ina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa mama, anayeambiwa na tafsiri kwamba kujifungua kwake kulihitaji sadaka ya dhambi. Upande wa pili hutajwa mara chache. Mwili unapoitwa dhambi, dhambi nayo hupoteza uzito wake. Walawi 6:1–7 inamtaka aliyemdhulumu jirani yake arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano kabla ya kuhani kumfanyia chochote. Hakuna kuoga wala kungoja jioni kunakoweza kuchukua nafasi ya malipo hayo. Mtu aliyezoea kusikia damu ya uzazi na mali ya dhuluma zikihesabiwa zote kuwa dhambi inayoondolewa kwa sadaka, anaweza kusahau kwamba ni moja tu kati ya hizo inayomtaka aende kwanza kwa jirani yake. Walawi haikusahau, na tafsiri ya Kiswahili haina sababu ya kumsahaulisha msomaji wake.